Kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinavyoamua kilo ya kahawa

KATIKA kituo cha kununulia kahawa macho yote huelekea mahali pamoja, kwenye tarakimu za mizani. Mkulima wa Kayanga, Nkwenda au Murongo ambaye amepalilia, amechuma na kuanika kwa wiki kadhaa anasimama pembeni kusubiri namba. Ikishatoka, imetoka. Karani anaandika, risiti inakatwa na jasho la mwaka mzima limegeuka kilo.

Zamani ugomvi wa mizani ulikuwa unaeleweka. Mkulima aliweza kuona sindano haijaanzia kwenye sifuri, au jiwe limechongwa upande wa chini, au goti la mnunuzi limeegemea gunia kwa namna ya kutia shaka. Siku hizi serikali inahimiza mizani ya kidijitali katika vyama vya msingi vya mazao mbalimbali, na wachuuzi wa maharage katika masoko ya Karagwe na Kyerwa nao wamezinunua. Hazina sindano wala jiwe. Mtu anaona namba nyekundu tu, na namba nyekundu ina heshima yake. Ni wachache wanaothubutu kubishana nayo.

Lakini jiwe lipo. Limewekwa ndani ya sanduku, juu ya bodi ya saketi, na ni dogo kuliko punje ya mchele. Ni kipande cha elektroniki ambacho kazi yake ni moja tu, kutoa volti isiyobadilika, kusudi vipande vingine vyote vipate kitu cha kujilinganisha nacho. Wataalamu wanaita volti ya rejea. Katika makala haya tutakiita kipande cha rejea. Kipande cha namna hiyo kimo pia katika kontrola ya sola inayolinda betri nyumbani, katika taa ya sola ya mtoto anayesoma usiku, na katika kifaa cha kupimia unyevu wa kahawa.

Kwa nini mkulima na mfanyabiashara mdogo ajisumbue na jambo la mafundi? Kwa sababu vifaa hivi vinaharibika, vinapelekwa kwa fundi, na fundi anaweka anachokipata. Hapo ndipo kilo zinapopotea na betri zinapokufa bila mtu kujua aliyeziua.

Hesabu ya asilimia mbili

Tangu mwaka 2018, serikali ilipoagiza kahawa ya wakulima ipitie vyama vya msingi, maarufu kama AMCOS, ghala la chama limekuwa ndilo mahali pa kupimia. Kwa Karagwe na Kyerwa vyama hivyo viko chini ya chama kikuu cha KDCU. Lengo mojawapo lilikuwa kumwondoa mlanguzi na kukomesha butura, ule ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini. Mjadala tangu wakati huo umekuwa juu ya bei, makato na kuchelewa kwa malipo, na ni haki yake. Lakini bei huzidishwa kwa kilo, na kilo haizungumzwi sana.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, kahawa ya maganda kwa sh. 4,000 kwa kilo. Mizani ikipunja kwa asilimia mbili, gunia la kilo 60 linasomeka kilo 58.8. Kilo moja na gramu 200 zimeyeyuka, sawa na sh. 4,800. Kwa mkulima mmoja ni hasara anayoweza kudhani ni unyevu uliopungua njiani. Kwa kituo kinachopokea tani 50 ni tani nzima, sh. milioni 4, na hakuna mwizi wa kumkamata. Kosa likielekea upande wa pili chama ndicho kinacholipa hewa, halafu ghala linapopakiwa kwenda kiwandani uzito haulingani na vitabu, na katibu anatakiwa kujieleza.

Asilimia mbili nimeichagua kwa makusudi. Ndiyo kiwango cha kosa kinachoruhusiwa katika daraja la kawaida la kipande cha rejea kilichozoeleka kuliko vyote, TL431, ambacho mafundi wengi wanakijua kwa namba 431 tu.

Jiwe lilivyoingia kwenye saketi

Kabla ya elektroniki za leo, maabara za dunia zilitunza volti ndani ya chupa. Edward Weston alitengeneza mwaka 1893 betri ya kadmi na zebaki iliyotoa volti 1.0183 kwa utulivu mkubwa, na kuanzia 1911 hadi 1990 ndiyo iliyokuwa kipimo cha kimataifa cha volti. Haikuwa kitu cha kubeba kwenda sokoni.

Baadaye ikaja diodi ya zena, ambayo mafundi redio wa Kayanga wanaijua vizuri. Ni nzuri na ni rahisi, ila ina tabia moja ambayo wengi wanaisahau: chini ya volti 5 hivi inalegea. Zena ya volti 3.3 haishiki volti moja sawasawa. Mkondo ukiongezeka nayo inapanda, na joto likiongezeka inashuka. Kwa kazi ya kulinda redio isiungue inatosha. Kuifanya jiwe la mizani ni kosa.

Ufumbuzi wa volti ndogo ulitoka Marekani. Mwaka 1964 David Hilbiber wa Fairchild alionyesha njia ya kutumia transista zenyewe, na mwaka 1971 Robert Widlar wa National Semiconductor akaifanya kuwa aisii iliyouzwa sokoni. Mwaka 1974 Paul Brokaw wa Analog Devices akatoa muundo ambao unaigwa hadi leo. Siri yake ni kama wabebaji wawili wa mzigo mmoja. Ndani ya aisii kuna volti moja inayoshuka joto linapopanda, karibu milivolti mbili kwa kila nyuzi, na nyingine inayopanda. Zikijumlishwa kwa kipimo sahihi, moja inafidia nyingine, na jumla yake ni karibu volti 1.2. Namba hiyo inatokana na tabia ya madini ya silikoni yenyewe. Ndiyo sababu fundi anakutana mara kwa mara na vipande vya volti 1.2, 1.225, 1.24 na 1.25, vyote ni watoto wa mama mmoja.

Mizani nzuri hailitegemei jiwe

Sasa tuingie ndani ya mizani. Chini ya sahani kuna pande la chuma linaloitwa lodiseli, lililobandikwa nyuzi nyembamba sana. Gunia linapokaa juu, chuma kinapinda kidogo ambacho jicho haliwezi kuona, nyuzi zinanyooka, na volti ndogo inatokea. Kwa lodiseli nyingi ni milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa, ikiwa imebeba uzito wake wote. Ukiilisha volti 5, kilo 300 zinatoa milivolti 10. Gramu 100 za kahawa kwa hiyo ni kama mikrovolti 3.3, yaani sehemu tatu na kitu za volti iliyogawanywa mara milioni moja.

Volti hiyo ndogo inapelekwa kwenye aisii ambayo inailinganisha na jiwe, kisha inatoa namba. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui na linalostahili kueleweka vizuri. Mtengenezaji mzuri hutumia volti ileile kuilisha lodiseli na kuwa jiwe la kulinganishia. Betri ikishuka, lodiseli inatoa kidogo, lakini jiwe nalo limepungua kwa kiwango kilekile. Uwiano unabaki palepale, na kilo haibadiliki. Ni sawa na kupima kitambaa kwa rula ya mpira: mpira ukivutika pamoja na kitambaa, hesabu ya sentimita inabaki ileile. Aisii ya HX711, iliyoenea katika mizani za bei nafuu, kwa kawaida inaunganishwa hivyo.

Maana yake ni kwamba katika mizani iliyoundwa hivyo, kununua kipande cha rejea cha gharama kubwa ni kutupa fedha. Usahihi unatoka kwenye ule muungano, na fundi anayeuvunja anaharibu mizani hata kama ameweka kipande kipya kutoka dukani.

Namna rahisi ya kuuvunja inahusu betri. Mizani nyingi za jukwaa zina betri ya volti 6 ndani, na volti 5 za saketi zinatoka kwenye regulata inayoweza kufanya kazi hata ikiwa tofauti ya volti zinazoingia na zinazotoka ni ndogo. Regulata hiyo ikiungua, kinachopatikana upesi ni 7805, ambayo imejaa katika kila boksi la fundi. Tatizo ni kwamba 7805 inahitaji volti mbili hivi zaidi ya zile inazotoa. Ukiilisha volti 6 haiwezi kutoa 5. Inatoa 4 na kitu, na inaendelea kushuka kadiri betri inavyoisha. Mizani yenye muungano mzuri itavumilia kwa muda. Lakini kama lodiseli imeunganishwa kwenye 7805 wakati aisii inalinganisha na jiwe la pembeni lisiloshuka, kila asilimia inayopungua kwenye betri inapungua kwenye gunia. Volti zikishuka kwa asilimia 5, gunia la kilo 100 linasomeka 95. Asubuhi chaja ikiwa imechomekwa mizani ni ya haki. Alasiri umeme ukikatika mizani ileile inapunja. Anayeleta kahawa jioni ndiye anayeumia, na karani ataapa kwamba hakugusa kitu. Atakuwa anasema kweli.

Kipimo cha kugundua hilo hakihitaji elimu ya umeme. Chukua jiwe la kilo 20 lililohakikiwa. Lipime chaja ikiwa imechomekwa, lipime chaja ikiwa imechomolewa, kisha lipime tena betri inapokaribia kuisha. Fanya hivyo asubuhi yenye baridi na mchana jua likiwa utosini. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya gredi moja au mbili za mizani hiyo, isitumike. Jiwe moja lilipimwe pia pembe zote nne za sahani, ingawa hilo ni la lodiseli na haliihusu volti.

Mahali jiwe linapohitajika kweli

Kontrola ya sola haina mbinu ya uwiano. Inatakiwa ijue kwa uhakika kwamba volti 14.4 ni 14.4, ndipo isitishe kuchaji betri ya asidi ya volti 12, na kwamba volti zimeshuka hadi 11 na kitu ndipo ikate taa kabla betri haijakauka. Inajuaje? Inagawanya volti za betri kwa rezista mbili, kisha inalinganisha na kipande cha rejea, mara nyingi 431 chenye volti 2.5 hivi. Kipande kikikosea kwa asilimia mbili, 14.4 inaweza kuwa 14.1 au 14.7. Rezista za bei poa zinaongeza kosa lao juu yake. Upande wa juu betri inachemka na maji yanapungua. Upande wa chini haijai, na sahani zake zinashika ukoko mweupe. Kwa vyovyote vile mwenye nyumba anasema betri za siku hizi ni mbovu, na ananunua nyingine.

Hata hivyo kwa betri ya asidi asilimia mbili si janga. Kwa betri za lithiamu ni jambo jingine. Seli ya lithiamu ya kawaida, kama ile ya simu na ya taa nyingi za sola, inajazwa hadi volti 4.20. Ongeza asilimia mbili, unapata 4.28, na hapo umri wake unakatwa na hatari ya kuvimba inaongezeka. Aisii ya kuchajia ya TP4056, ambayo mafundi simu wanaifahamu, inaahidi kosa lisilozidi asilimia 1.5. Kwa kazi hiyo hicho ndicho kiwango cha juu ambacho mimi ningekikubali. Vizuri ni asilimia moja au chini yake.

Suala hili la taa liliwahi kushughulikiwa na wakubwa. Benki ya Dunia na IFC walipoanzisha mpango wa Lighting Africa mwaka 2007, ukianzia Kenya na Ghana, moja ya mambo yaliyopimwa ni kama taa inailinda betri yake isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa. Vipimo hivyo baadaye viliingia katika viwango vya kimataifa vya IEC. Taa zilizopita mtihani huo zina bei kubwa kidogo dukani, na sehemu ya tofauti hiyo iko katika vipande ambavyo mnunuzi hatoviona kamwe.

Vifaa vya kupimia unyevu viko katikati. Kahawa safi inayosafirishwa inatakiwa, kwa mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Kahawa, iwe na unyevu kati ya asilimia 8 na 12.5. Kifaa kinachosoma juu zaidi ya ukweli kinamrudisha mkulima kwenye kuanika siku nyingine mbili bure, na kahawa iliyokauka kupita kiasi inapoteza kilo. Kinachosoma chini kinaingiza ukungu ghalani. Vingi vinatumia betri kavu, na kama ndani hakuna jiwe la kuaminika, hukumu itabadilika kadiri betri inavyochoka.

Namna ya kuchagua

Fundi wa Kayanga anayeagiza kutoka Kariakoo, Mwanza au Kampala anatakiwa aanze na betri kabla ya orodha ya bei. Kipande cha rejea hakiwezi kutoa volti nyingi kuliko zinazoingia. Kifaa cha betri kavu mbili kinaanza na volti 3 na kinaweza kufika 2 kabla betri hazijatupwa. Kipande cha volti 2.5 hapo kinakufa mapema; kinachohitajika ni cha volti 1.2, kama LM4041, TLV431 au LM385 ya volti 1.2. REF3012, kwa mfano, inatoa 1.25 na inaweza kufanya kazi hata ikilishwa volti 1.8.

Linalofuata ni ulaji, na hapa taa nyingi zinaangushwa. Ile 431 ya kawaida inahitaji hadi miliampia 1 ili ishike volti yake. Ni kidogo, sivyo? Piga hesabu ya mwezi: saa 24 mara siku 30 ni miliampia-saa 720. Taa yenye betri ya 1,500 ikikaa rafuni dukani, baada ya miezi miwili inakuwa tupu bila kuwashwa hata mara moja. Mfanyabiashara analaumiwa kwa kuuza mzigo mbovu. TLV431 inatosheka na mikroampia 100 hivi, yaani 72 kwa mwezi. LM385 inaridhika na mikroampia chini ya 20. Tofauti ya bei kati yao, zinaponunuliwa kwa wingi, ni senti za dola.

Kuhusu usahihi, herufi za mwisho wa jina ndizo zinazosema. Kwa TL431 daraja la kawaida ni asilimia 2, lenye A ni asilimia 1 na lenye B ni nusu asilimia. Kwa LM4040, A ni asilimia 0.1, B ni 0.2, C ni 0.5 na D ni 1. Muuzaji akisema "zote ni sawa", zote si sawa. Lakini pia fundi asinunue sifa: kwenye kontrola ya betri ya asidi, kipande cha asilimia moja kinatosha kabisa, na aliyeweka cha asilimia 0.1 pamoja na rezista za asilimia 5 amefanya kichekesho.

Joto ni la kuangaliwa kwa makini zaidi katika nyanda kama za Karagwe, ambako asubuhi kuna ukungu na baridi na mchana sanduku jeusi la plastiki linakaa juani. Maelezo ya kiwanda huandika ppm, yaani sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi joto. LM4040 ya daraja A hadi C haizidi 100. Kutoka nyuzi 15 hadi 35 ni nyuzi 20. Mara 100 ni sehemu 2,000 kwa milioni, sawa na asilimia 0.2. Kwa volti 14.4 hiyo si kitu. Zena ya volti 3.3 katika safari hiyohiyo inaweza kupotea kwa asilimia moja na zaidi.

Ukubwa wa kipande ndio unaowavutia wengi, kwa sababu bodi za siku hizi zimebanana. Vile vinavyoitwa SOT-23 vina urefu wa milimita 3 hivi. SC70 ni milimita 2. Maoni yangu ni kwamba kama nafasi ipo, chukua kikubwa. Kipande kidogo kinaathirika zaidi na mkono wa fundi, na ukikiacha chini ya bomba la hewa moto kwa muda mrefu plastiki yake inakibana kile kilichomo ndani, volti inahama kidogo na hairudi. Kwenye bodi iliyobanana kuna pia suala la jirani. Kipande cha rejea kikiwekwa ubavuni mwa regulata inayochemka, au karibu na skrubu inayopindisha bodi, hakuna herufi A itakayokiokoa.

Kuna mtego mmoja ambao umewasumbua hata mafundi wazuri. TL431 na TL432 zinafanya kazi ileile kwa volti ileile, lakini katika umbo la SOT-23 mpangilio wa miguu yao ni tofauti. Isitoshe, baadhi ya viwanda vinatengeneza 431 yao kwa mpangilio wao. Mgongoni yote inaandikwa herufi tatu au nne tu. Fundi akikifunga kipande kwa kufuata alama bila kupima, saketi haiwaki, au inawaka na kutoa volti za ajabu. Dawa ni mita na rezista moja: kipime kikiwa nje ya bodi kabla ya kukichomea. Kipimo hichohicho kinafichua bandia, ambazo sokoni hazikosekani. Jambo jingine la 431 ni kapasita. Baadhi ya ukubwa wa kapasita ukiiweka pembeni yake inaanza kutetemeka, namba kwenye kioo zinacheza, na fundi anahangaika kubadilisha lodiseli nzima.

Mkono wa sheria

Yote hayo hayampi fundi simu ruhusa ya kufungua mizani ya biashara. Kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, mizani inayotumika kuuzia na kununulia inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, chombo kilichoanzishwa mwaka 2002, angalau mara moja kwa mwaka, na mafundi wa mizani wana leseni yao. Lakiri ikikatwa, mizani hiyo haina hadhi sokoni hadi ihakikiwe upya. Kontrola za sola na taa hazina masharti hayo, na ndiko fundi wa mtaani anakoweza kujijengea jina.

Na kuna sababu ya kimaumbile ya kutaka uhakiki ufanyike hukuhuku Kagera, usiishie kiwandani. Mizani ya lodiseli inapima nguvu ya mvuto wa dunia, na mvuto haulingani kila mahali. Karagwe iko karibu na ikweta na iko juu milimani, hivyo vitu vinavutwa kwa nguvu pungufu kidogo kuliko Shanghai. Mizani iliyosawazishwa huko na kuletwa hapa bila kurekebishwa itausoma mzigo wa kilo 100 ukiwa pungufu kwa gramu 150 hadi 200. Mizani ya mawe ya zamani haikuwa na tatizo hilo, kwa kuwa jiwe na gunia vilivutwa sawa. Hakuna kipande cha rejea kinachotibu kosa hilo. Linatibiwa na jiwe lililohakikiwa, likiwekwa juu ya sahani papa hapa.

Vyama vya msingi vinaponunua mizani, barua ya zabuni kwa kawaida inataja uwezo wa kilo, urefu wa sahani na kama ina printa. Muuzaji naye anajisifia "biti 24", neno linaloeleza jinsi namba inavyokatwa vipande vidogo na lisilosema chochote juu ya ukweli wa namba hiyo. Bodi ya chama inaweza kuongeza masharti machache bila gharama. Muuzaji aonyeshe kwa maandishi kwamba lodiseli na aisii vinatumia volti moja. Ataje volti ya chini ya betri ambayo mizani itajizima yenyewe badala ya kuendelea kusoma, maana mizani inayozima ni ya uaminifu kuliko inayosoma ikiwa na njaa. Aseme vipuri vinatoka wapi na nani mwenye leseni atavifunga. Kisha, kabla ya hundi kusainiwa, jiwe la kilo 20 liwekwe juu ya sahani mbele ya wanachama, chaja ikiwa imechomolewa.